Mtutu wa Kaka

Sehemu ya Kumi na Moja

Mliokuwa nasi wiki jana mnakumbuka tulipomwacha Fundi: ameinama kufagia chini ya mashine ya kukerezea vyuma, ameokota kipande cha mtutu wa bunduki ya kaka yake, amekigeuza kwenye mwanga wa dirisha, na fagio limemponyoka. Ambao hamkuwepo vuteni viti. Mtaelewa njiani, maana Fundi hana muda wa kupoteza, na mimi nitautoa wapi?

Kipande chenyewe kilikuwa kidogo, mfano wa pete nene. Alikuwa amekikata asubuhi ile kwenye ncha ya mtutu, kabla ya kuchonga hesi, ile mizunguko ya skrubu ya kufungia breki. Upande mmoja pete ilikuwa nene. Upande wa pili ilikuwa nyembamba. Tundu la risasi halikuwa katikati.

"Mungu wangu," alisema. "Nimemuua kaka."

Mumewe alikuwa mlangoni, funguo za gari mkononi. Yeye ni mwalimu wa udereva, mtu wa polepole katika kila jambo isipokuwa kuongea.

"Umemuua vipi? Si ameondoka hapa na miguu yake mwenyewe, tena bila hata kuaga?"

"Nimezichonga hesi kwa kufuata ngozi ya nje ya mtutu, Baba Watoto. Sikufuata tundu. Breki imekaa upande. Risasi ikitoka haipiti katikati ya breki, inagonga ukuta wake."

"Ikigonga je?"

"Breki inapasuka. Vyuma vinaruka. Na uso wake uko hapo hapo nyuma ya bunduki."

Mume alizitia funguo mfukoni, akazitoa tena.

Sasa niwaambie upesi upesi, wageni wangu. Breki ya mtutu si breki ya gari. Ni kichwa cha chuma chenye matundu ubavuni, kinafungwa mdomoni mwa bunduki ili moshi utoke pembeni na teke la bunduki lipungue. Kaka yake Fundi ni askari wa wanyamapori. Mwaka jana gari la doria lilipinduka naye, bega likavunjika, likafungwa kwa vyuma. Daktari akamwambia wazi: bega hili likipigwa teke kubwa, mkono umekwenda.

Na leo ndiyo siku ya jaribio lake. Risasi tano kwa bunduki kubwa. Akiingiza nne, anabaki kituoni kama mkufunzi wa shabaha. Akishindwa hana kazi, na nyumba ya kituo anahama yeye, mkewe na watoto. Kituo kilimpa kibali cha kufunga breki. Kilichobaki ilikuwa kumpata fundi wa kuchonga hesi, na fundi wa kazi hiyo alikuwa mmoja tu: mdogo wake, ambaye hakuwa amesema naye tangu walipomzika baba yao.

Ugomvi ulikuwa juu ya hiyo hiyo mashine. Baba aliacha neno kwamba mashine apewe kitinda mimba wake, binti, si kaka mtu. Kaka akanuna. Akanuna msibani, akanuna arobaini, akaendelea kununa mpaka watu wakazoea kuwaalika kwa zamu.

Halafu leo asubuhi akaingia karakana na bunduki begani, akaketi juu ya kigoda cha marehemu, akasema, "Nasubiri hapa hapa."

Fundi alitaka kulia kwa furaha. Alichukua geji yake ili aupime mtutu kwa ndani, auweke kwenye mashine kwa kufuata tundu, kama anavyofanya siku zote. Kazi hiyo inataka subira. Kaka akatoa mguno.

"Wewe unahangaika na nini? Baba alikuwa anapima nje, basi. Jicho lake lilitosha."

Haikuwa kweli, na Fundi alijua kwamba si kweli. Lakini angembishia vipi kaka yake siku ya kwanza aliyomjia? Akaiweka geji kando. Akapima nje. Akachonga. Hata ule ufito wa kuhakikisha kama breki imenyooka na tundu hakuupitisha, maana kaka alishasimama, ameshanyoosha mkono kudai bunduki yake.

Yote hayo kwa ajili ya kutafuta amani!

Alipiga simu. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Kisha akakumbuka kuwa kwenye uwanja wa shabaha simu zote zinaachwa getini.

"Washa gari," alimwambia mumewe, huku anachomoa ufito kwenye rafu na kuusokomeza kwenye mkanda wa aproni, na ile pete ya chuma mfukoni mwake.

"Lile la mafunzo?"

"Tuna lingine?"

Gari la mafunzo lina ubao juu ya paa unaosema MWANAFUNZI, na lina breki mbili, moja ya dereva na moja ya mwalimu. Mume alikaa kwa dereva. Fundi alikaa kwa mwalimu. Kila walipofika kona, Fundi kwa hofu alikanyaga iliyokuwa chini ya miguu yake, na gari likagoma katikati ya barabara.

"Toa mguu!"

"Nimetoa!"

"Hujatoa, mke wangu! Tutafika kwa miguu hivi!"

Mtu aliyetumia maisha yake kuwaambia watu punguza mwendo, leo alipita kwenye makutano bila kuangalia kulia wala kushoto. Madereva wengine walipoona ule ubao walikimbilia pembeni wenyewe. Walimwona mwanafunzi mwenye wazimu, wakampisha.

Wakafika. Geti limefungwa. Juu ya mlingoti, bendera nyekundu inapepea.

Bendera nyekundu maana yake ndani kuna risasi za moto. Haingii mtu.

"Fungua!" Fundi alilirukia geti. "Tafadhali, fungua, kuna mtu atakufa humo ndani!"

"Ndiyo maana haingii mtu, mama," alisema mlinzi, bila hata kusimama.

"Basi mpigie msimamizi wa uwanja, mwambie wasipige!"

"Simu zipo huku kwangu. Yake pia." Akaligonga kabati la mbao lililokuwa nyuma yake. "Kanuni ni kanuni."

Kwenye benchi la wageni aliinuka mwanamke mmoja, khanga mbili, macho makavu. Fundi alimtambua. Alikuwa wifi yake.

"Umefuata nini?" wifi aliuliza. "Mashine ulichukua. Jina la baba ulichukua. Umekuja kuchukua na kazi ya mume wangu?"

"Wifi, breki haiko sawa."

"Si uliifunga wewe mwenyewe leo asubuhi?"

"Niliifunga mimi na nimekosea."

"Umekosea!" Wifi alicheka kicheko kibaya, kile cha mtu asiye na raha hata kidogo. "Miaka yote watu wanakuja kwako na mashine za kusaga, pampu, magari, hukosei. Unakuja kukosea kwa kaka yako? Sema tu unataka ashindwe."

Fundi alitoa pete mfukoni, akaushika mkono wa wifi yake kwa nguvu, akaiweka pete katikati ya vidole vyake.

"Nitukane baadaye, nitakaa chini nikusikilize. Bana hapa. Umesikia unene? Haya, zungusha. Bana na huku."

Wifi akabana. Akazungusha. Akabana tena.

"Huku pembamba," alisema polepole.

"Basi ndivyo mtutu wote ulivyo mdomoni, na mimi nimeuchonga kama vile uko sawa. Mumeo amelala nyuma yake."

Uso wa wifi ukabadilika. Alitazama geti, akamtazama mlinzi, kisha akainua macho kwenye mlingoti.

"Bendera ikishuka si wanaacha kupiga?"

"Bendera haishuki bila amri," mlinzi alisema, sasa ameanza kusimama. "Wewe mama, we mama! Usiguse hiyo kamba!"

Wifi alishaigusa. Alikuwa anafungua fundo kwa meno. Mlinzi akaruka kumwahi, na hapo ndipo mwalimu wa udereva, mtu wa polepole, alipomkumbatia kutoka nyuma kwa mikono yote miwili.

"Samahani sana ndugu yangu," alisema huku amemkaba. "Samahani, kwa kweli naona aibu. Tulia kidogo tu."

Fundo likaachia. Wanawake wawili wasioweza kunywa chai chumba kimoja wakaning'inia kwenye kamba moja. Bendera ikashuka hatua, ikakwama, ikashuka tena. Ilifika nusu ya mlingoti.

Mlio wa bunduki ukapasua hewa.

Wifi aliachia kamba. Fundi hakumsubiri mtu, alipenya chini ya geti kwa tumbo, aproni ikachanika, akakimbia kwenye njia ya kokoto huku analia kwa sauti kama mtoto. Alikuwa anasema neno moja tu, kaka, kaka, kaka, na kila alipolisema aliona uso usio na macho.

Akatokea kwenye mstari wa kupigia.

Kaka alikuwa amesimama.

Mzima! Macho yake mawili, pua yake, midomo yake iliyonuna kama kawaida. Bunduki iko chini kwenye mkeka, breki imo mdomoni, haijapasuka. Fundi akakaa kwenye kokoto.

"Nani ameshusha bendera?" aliuliza msimamizi wa uwanja, mtu mfupi mwenye filimbi shingoni.

"Ni mimi," alisema Fundi. "Breki imekaa upande. Nimekuja kumzuia asipige."

Kaka alimwangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye aproni iliyochanika.

"Nimeshapiga," alisema. "Unaniona nimekufa?"

Yule mfupi wa filimbi akainua darubini yake kutazama shabaha. Fundi aliinamisha kichwa. Alikuwa ametia aibu ukoo mzima, amevunja kanuni za uwanja, amemshambulia mlinzi kwa mikono ya mumewe, na yote kwa kitu ambacho hakikutokea. Hata hivyo alikuwa anamshukuru Mungu. Angetukanwa mpaka jua lizame, asingejali.

"Kavu," alisema msimamizi.

"Kavu nini?" kaka aliuliza.

"Hakuna tundu. Hata kwenye ubao wenyewe hakuna. Hukugusa chochote."

"Haiwezekani."

"Njoo uangalie mwenyewe."

Kaka alitazama kwa muda mrefu. Tangu alipokuwa kuruta hakuwahi kuukosa ubao mzima. Aliweza kukosa duara la katikati, hilo ni la kibinadamu, lakini ubao wenye upana wa mlango? Aliposhusha darubini alikuwa amepauka.

"Risasi imekwenda wapi?" aliuliza, na safari hii alikuwa anamuuliza mdogo wake.

Fundi alisimama. Aliomba bunduki ifunguliwe na itolewe risasi. Msimamizi akahakikisha kwa macho yake, akatikisa kichwa kukubali. Fundi akaupitisha ule ufito wa chuma kutokea nyuma, ukateleza vizuri ndani ya mtutu, ukafika mdomoni, ukagota. Haukutoka. Ulikuwa umeegemea ukuta wa breki, na pale ulipoegemea palikuwa na mkwaruzo mpya unaong'aa.

"Imepita kwa kukwaruza," alisema. "Breki imeisukuma pembeni, imekwenda zake kwenye tuta. Una bahati, kaka. Ya pili inaweza isikwaruze tu."

Wifi naye alishafika, anahema, ameshika mbavu, na nyuma yake mlinzi, aliyemwacha mwalimu wa udereva getini. Alimkamata mumewe mkono mzima na hakumwachia.

"Mashine ya Baba," kaka alisema kwa sauti ya chini. "Alikupa wewe. Akasema wewe ndiye mwenye mkono."

"Nilitaka kupima kwa tundu. Wewe ukasema Baba alikuwa anapima nje."

"Nilimwona kwa macho yangu!"

"Ulimwona akipima ekseli, na mabomba. Hivyo ndivyo vitu alivyovipima nje. Mitutu alipima ndani, kila mara. Nilikuwa najua."

"Ulijua ukanyamaza?"

"Nilinyamaza."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ulikuwa umekuja."

Wifi akaangalia pembeni, akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

Msimamizi akakohoa. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa kanuni. "Nasikitika. Risasi ya kwanza imehesabiwa. Zimebaki nne, na zote lazima ziingie. Bunduki uliyoanza nayo ndiyo unayomalizia. Ukiondoka mstarini, jaribio limekwisha."

"Mpe mpaka kesho!" Fundi alimshika mkono. "Nipe mimi hiyo bunduki, nikate hizo hesi zote, nichonge upya. Naomba. Kosa si lake, ni langu!"

"Barua ya kumwachisha kazi iko mezani kwa mkuu, mama. Inasubiri matokeo ya leo tu."

Kaka aliigeukia bunduki yake kwenye mkeka.

"Breki ni lazima?" kaka aliuliza.

"Si lazima. Umeruhusiwa, hujalazimishwa."

Kaka alichuchumaa, akaishika breki kwa kiganja, akaanza kuifungua.

"Hapana," alisema wifi. "Baba wa watoto wangu, hapana. Daktari alisema nini? Bega hilo halitafika risasi ya pili."

"Litafika ya nne. Baada ya hapo lifanye linalotaka."

"Utabaki na mkono mmoja!"

"Na nyumba. Au unataka tuhamie wapi, kwenye karakana?" Alisema hivyo bila hasira. Breki ilizunguka kirahisi, ikatoka. Akamnyooshea mdogo wake bila kumtazama. "Shika, Kitinda."

Kitinda! Jina hilo alikuwa anamwita walipokuwa wadogo, na tangu msiba hakuwahi kulitamka. Fundi aliipokea breki kwa mikono miwili na machozi yakaanza kumtoka upya. Alikuwa amempata kaka yake. Amempata dakika ile ile anayokwenda kuuvunja mkono wake mbele ya macho yake.

Bendera ikapandishwa tena. Msimamizi akawarudisha wote nyuma ya mstari mweupe. Kaka akalala kwenye mkeka, akavaa vile vikombe vya kuziba masikio, akaweka bega bovu nyuma ya kitako cha bunduki na jicho kwenye darubini iliyofungwa juu yake. Msimamizi naye akavaa vyake. Mlinzi vyake. Wifi alikuwa amejifunika uso mzima, masikio ameyaziba kwa viganja.

Fundi alisimama akiigeuzageuza breki. Mikono ya fundi haijui kutulia, hata kwenye msiba itatafuta kitu cha kupapasa. Kidole gumba kikaingia ndani yake, kikafuata hesi, mzunguko wa kwanza, wa pili. Kikachomwa.

Akaangalia.

Ndani ya breki kulikuwa na kipande cha chuma kilichojikunja, chembamba, chenye ncha. Hakikuwa cha breki. Ilikuwa ni sehemu ya mtutu.

Ndiyo maana breki ilitoka kirahisi vile! Risasi ya kwanza haikukwaruza tu. Iliisukuma breki, na breki ikazing'oa hesi za upande mwembamba, pamoja na nyama ya mtutu wenyewe. Mdomo wa bunduki ile ulikuwa umeraruka upande wa chini, upande unaotazama mkeka, ambao hakuna aliyeinama kuutazama. Risasi nyingine ikipita pale, mtutu utafunguka mpaka nyuma.

"Acha!" alipiga kelele. "Kaka, acha! Usipige!"

Hakuna kichwa kilichogeuka. Wote walikuwa wameziba masikio. Msimamizi alikuwa amempa mgongo, mkono mmoja juu, filimbi mdomoni, tayari kutoa amri ya kupiga.

Fundi alivuka mstari mweupe. Alifika miguuni kwa kaka yake, akainama kumshika, akauzuia mkono wake mwenyewe hewani. Mtu aliyeweka kidole kwenye kifyatulio hashikwi. Akishtuka tu, amepiga.

Kulikuwa na njia moja. Kaka hapigi asichokiona. Hilo ndilo alilowafundisha askari wote waliopita mikononi mwake, na ndilo alilomfundisha Kitinda wakiwa watoto na manati: giza likiingia machoni, toa kidole.

Alimzunguka kaka yake mbio, akapiga magoti akainama mbele ya mtutu ulioraruka, akaijaza darubini ya bunduki kwa kifua chake.

Filimbi ikalia.